BETRI ITAKUWA YA NANI?

Mwananchi wa Busawe atakaye kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, au kwenda Tarime, hupanda pikipiki au gari dogo la petroli. Petroli hiyo hununuliwa ng'ambo, huja kwa meli mpaka bandarini, kisha huvuka nchi kwa malori. Kila bei ipandapo huko ng'ambo, mfuko wa mkulima na wa dereva hupungua.

Lakini umeme ni wetu. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilikamilisha mitambo yake 9 mwaka 2025, na uwezo wake ni megawati 2,115. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Ikiwa treni imeweza, kwa nini magari ya umma yasiweze?

Wenzetu wamekwisha anza. Mji wa Shenzhen, Uchina, ulikuwa umegeuza mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, mwisho wa mwaka 2017. Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria haziandikishwi ila ziwe za umeme.

Hata hivyo, tusishangilie kabla ya kusoma mkataba. Basi la umeme ni ghali, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni betri. Kwa hiyo Nairobi iko kampuni imwuziayo mwenye gari basi bila betri, naye hulipia betri na umeme kwa kila kilomita. Waendesha pikipiki za umeme wengi, Kenya na Rwanda, hubadilisha betri vituoni, na betri hubaki mali ya kampuni. Mpango huu una faida, maana asiye na fedha nyingi aweza kuanza kazi. Lakini mwenye betri akipandisha bei, au akifunga kituo, dereva atakimbilia wapi? Petroli hupatikana hata katika chupa kando ya njia. Betri haina duka la pili.

Twaonelea mambo matatu. Kwanza, kazi ianze na magari ya halmashauri na mabasi yafuatayo njia moja kila siku na kulala mahali pamoja, maana hayo yaweza kutiwa umeme usiku. Kwa mahali kama Busawe, pikipiki zijaribiwe kwanza wakati wa masika, katika tope lenyewe. Pili, vituo vya betri viwe mali ya ushirika wa madereva au ya halmashauri, na betri ziwe za namna moja, zikubaliwe na kila kituo. Tatu, mafundi wetu wafundishwe mapema. Mota ya umeme haina plagi wala oili ya kubadilisha. Fundi asiyefundishwa atakosa riziki.

Tusiukatae umeme. Tukatae kutoka mikononi mwa mwenye petroli na kuingia mikononi mwa mwenye betri. Umeme ni wa Taifa. Betri nayo na iwe ya wale waitoleao jasho.