Romania: nyumba za zamani za Bucarest, kati ya kumbukumbu na hofu ya tetemeko

Katikati ya mji wa Bucarest, mji mkuu wa Romania, kuna majengo yenye alama ndogo ya duara, rangi nyekundu, karibu na mlango. Maana yake wakaaji wanaijua vizuri: tetemeko kubwa likipiga, jengo hili linaweza kuanguka. Lakini ndani watu wangali wanaishi.

Hofu hiyo ina sababu. Tarehe 4 Machi 1977, usiku, ardhi ilitetemeka na watu zaidi ya 1 500 wakafa katika inchi nzima, wengi wao Bucarest. Mwaka 1940 tetemeko lingine lilikuwa limeangusha jengo refu la Carlton, lililokuwa na miaka michache tu. Nyumba nyingi zilizobaki zilipasuka ndani, kisha zikapakwa chokaa na rangi juu ya nyufa.

Na hizo nyumba ndizo zinabeba historia ya inchi. Ya kwanza ni nyumba ya kijijini: mbao au udongo, paa kali la kutelemsha teluji, na baraza mbele yenye nguzo za mbao. Baraza hiyo Waromania wanaiita prispa. Kisha mtawala Constantin Brâncoveanu (1688-1714) alijenga kwa mtindo uliobaki na jina lake: nguzo za mawe zilizochongwa maua, matao, na baraza ya juu. Jumba lake la Mogoșoaia, la mwaka 1702, lingali limesimama pembeni ya mji.

Karne ya 19, matajiri waligeukia Ufaransa. Wasanifu Wafaransa waliitwa, na Bucarest ikapata jina la "Paris ndogo". Ion Mincu naye alisomea Paris, lakini aliporudi aliuliza swali lingine: kwa nini tusijenge kama sisi wenyewe? Mwaka 1886 alimaliza nyumba ya familia ya Lahovary, akichukua baraza ya kijijini na matao ya Brâncoveanu, na kuyaweka katika nyumba ya mjini. Hapo ndipo mtindo wa Kiromania mpya ulianza.

Adui wa nyumba hizo haikuwa tetemeko peke yake. Baada ya mwaka 1977, raisi Nicolae Ceaușescu, rafiki wa Mobutu, aliamua kujenga mji upya. Miaka ya 1980, mtaa wa Uranus ulibomolewa ili apate nafasi ya jumba kubwa ambamo Bunge linakaa leo. Familia ziliondolewa haraka katika nyumba za wazee wao. Mainjinia wakiongozwa na Eugeniu Iordăchescu waliokoa makanisa kadhaa kwa kuyasukuma kwenye reli: lile la Mihai Vodă lilisogezwa mita 289 mwaka 1985. Lakini nyumba za watu wa kawaida nyingi hazikupata reli.

Ceaușescu aliuawa kwa risasi tarehe 25 Desemba 1989. Picha zake zilionekana mpaka Kinshasa, na miezi minne kisha, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja.

Leo ugomvi umebadilika sura. Nyumba zilizonyang'anywa na serikali ya kikomunisti zilidaiwa na wajukuu, na kesi zilichukua miaka mingi. Kukaza ukuta wa zamani ni bei kali. Katika jengo moja, mwenye kukubali matengenezo anaishi na jirani asiyekubali kuhama hata kwa miezi michache. Wakati wanabishana, mvua inapita katika paa.

Mwaka 1936, profesa Dimitrie Gusti alifungua Bucarest makumbusho ya kijiji: nyumba za kweli zilibomolewa kwa uangalifu vijijini na kusimamishwa tena huko. Hizo zina mlinzi. Zile zenye duara nyekundu zina wakaaji tu, nao wanajua kwamba ardhi itatetemeka tena.