KUINUA GARI KWA GHARAMA NDOGO: MAFUNZO YA NJIA ZA BONDE LA KILOMBERO

Kila ifikapo masika, kati ya mwezi wa Machi na Mei, sehemu kubwa ya Bonde la Kilombero katika Mkoa wa Morogoro hufunikwa na maji na tope. Bonde hilo limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mto wake, baada ya kukutana na Luwegu, ndio unaounda Rufiji. Ni nchi ya mpunga, na udongo wake wa mfinyanzi ukishalowa hunata katika magurudumu kiasi cha kulisimamisha gari.

Usafiri wa huko umepata nafuu kubwa. Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, liliondoa haja ya magari yatokayo Ifakara kwenda Mahenge na Malinyi kuvuka mto kwa kivuko. Hata hivyo, njia nyingi ziingiazo vijijini na mashambani bado ni za udongo. Matrekta na malori ya mpunga huzichimba mifereji mirefu miwili, na katikati ya mifereji hubaki tuta. Gari dogo likiingia humo, tumbo lake hukaa juu ya tuta na magurudumu hubaki yakizunguka bure.

Baadhi ya wasomaji wetu husafiri katika bonde hilo kikazi au kibiashara, na wengine wanamiliki magari ya aina hiyo kwa ajili ya njia za mashamba za Unguja na Pemba. Aghalabu huuliza vipi gari linaweza kuinuliwa kidogo, yaani sentimita 2.5 hadi 5, bila ya kununua seti kamili ya springi na shokapu kutoka nje. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwasaidia.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Hapana budi kwanza ieleweke kwamba kuinua springi hakuinui kila kitu. Katika magari yenye ekseli nzima, kama vile Land Rover Defender za zamani na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, springi huunganisha ekseli na chasisi. Ukiziinua, hupanda bodi, chasisi na tangi la mafuta. Difu, ambalo ndilo mara nyingi hugusa tuta kwanza, hubaki pale pale lilipokuwa.

Kitu pekee kiliinuacho difu ni tairi kubwa zaidi, nalo huliinua kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Kwa mfano, tairi la kipenyo cha sentimita 74 likibadilishwa kwa la sentimita 80, difu hupanda sentimita 3. Kuinua springi basi kuna faida mbili: kuliepusha tumbo la gari na tuta, na kutoa nafasi ya tairi kubwa zaidi chini ya madigadi. Anayetarajia zaidi ya hayo atapoteza fedha zake.

Pima kabla ya kununua

Magari mengi yanayodhaniwa kuwa mafupi kwa hakika yamelala tu, kwa sababu springi zake zimechoka. Lisimamishe gari mahali palipo sawa, likiwa halina mzigo. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kwa pembe zote nne, kisha linganisha upande wa kulia na wa kushoto, na ikiwezekana na gari jingine la aina hiyo lililo zima. Iwapo limeshuka sentimita 3, kulirejeshea springi nzima ni sawa na kuliinua sentimita 3, bila ya kubadilisha chochote katika umbo lake. Hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote. Kadhalika, vitu vizito visivyohitajika vishushwe, maana mara nyingi ndivyo vilivyolilaza gari.

Njia za gharama ndogo

(a) Kuongeza bapa. Springi zilizoundwa kwa vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine huweza kuongezwa bapa moja zima lililotoka katika gari lililovunjwa, madhali upana wake ni ule ule. Njia hii hulifaa gari lichukualo mzigo kila siku. Likiwa tupu litarusha abiria, na hilo si jambo dogo kwa gari lichukualo mgonjwa au mama mjamzito. Springi isichomwe moto ili kukunjwa, wala isiungwe kwa kulehemu. Chuma chake hupoteza ugumu na huweza kukatika safarini.

(b) Kurefusha viungio vya springi. Hivi ni vile vyuma viwili vifupi vinavyoning'iniza ncha moja ya springi katika chasisi. Vikirefushwa sentimita 5, gari hupanda takriban sentimita 2.5 tu. Vikirefushwa kupita kiasi mbele, pembe ya ekseli hubadilika, na usukani huacha kurudi katikati wenyewe baada ya kona.

(c) Pete za kuinulia. Magari yenye springi za kuzunguka huwekewa pete ngumu juu ya springi. Ni rahisi na haligeuzi sana gari kuwa gumu, lakini pete moja inatosha. Zisipandishwe mbili pamoja.

(d) Vipande vya kuweka kati ya ekseli na springi bapa. Hivi viwekwe nyuma tu, viwe vya chuma madhubuti, na yubolti zake ziwe mpya na ndefu za kutosha. Mbele visiwekwe kamwe, kwani breki zikishikwa kwa ghafla ekseli huweza kujipindua. Kipande cha ubao hakifai popote.

Mambo ya kukagua baada ya kazi

Gari lisitoke karakanani kabla ya kukaguliwa yafuatayo. Mipira ya breki isivutike gurudumu linaponing'inia. Shokapu zisifike mwisho wa urefu wake. Propela isitetemeke kwa pembe mpya. Magari mengi ya mizigo yana valvu inayopima uzito wa nyuma ili kugawa nguvu za breki. Gari likiinuliwa, valvu hudhani kuwa halina mzigo na kupunguza breki za nyuma, hivyo ni lazima irekebishwe. Taa zishushwe zisiwapofue wenzako. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Aliyeweka tairi kubwa akumbuke pia kwamba kipima mwendo kitamdanganya. Kwa mfano tuliotaja, kikionyesha 80, gari linakwenda 86.

Tahadhari

Gari lililoinuliwa huwa jepesi zaidi kupinduka, khasa likijazwa abiria na magunia juu. Sentimita 5 hazimpi dereva ruhusa ya kuongeza mzigo wala mwendo. Wala hazimpi ruhusa ya kuvuka maji: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kulichukua hata gari kubwa, na tairi kubwa huzidi kulielea. Penye mafuriko, dereva mwema husubiri.

Mara nyingi linalosaidia zaidi tope linapozidi ni lile lisilogharimu kitu: kupunguza upepo wa tairi na kuendesha polepole, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi lami. Jembe, kamba na mbao mbili ndani ya gari vimewatoa wengi ambao springi ndefu ziliwaacha.

Watumishi wanakumbushwa kwamba gari la Serikali ni mali ya umma. Lisibadilishwe springi, tairi wala viungio bila ya idhini ya maandishi na ushauri wa karakana inayohusika. Kwa Bara, matengenezo ya magari ya Serikali yamo mikononi mwa Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA. Mwenye gari lake binafsi naye ni vyema akaliulizie bima na ukaguzi wa polisi kabla ya fundi kushika spana. Ajali ikishatokea, swali la nani aliyeruhusu mabadiliko hayo huwa limechelewa.