Wilaya ya North Nyanza na Baraza Lake

Jina la North Nyanza halimo tena katika ramani ya Kenya, na vijana wengi wa Kakamega hawajui lilikuwa jina la nini. Yafaa waelezwe, kwa kuwa jambo lenyewe lahusu fedha na ardhi ya wazazi wao.

Mpaka mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ilipohamishiwa upande wa Kenya ilikuja kuitwa North Kavirondo, na makao ya serikali yalikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, hata yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920.

Baraza la Wenyeji lilianzishwa mwaka 1925. Mwenyekiti wake hakuwa mwenyeji, bali Bwana D.C. mwenyewe. Hata hivyo wajumbe walipata uwezo ambao hawakuwa nao zamani: kuwatoza watu wao ushuru, mbali na kodi ya serikali, na kushauri utumiwe kwa kazi gani. Watu walitaka sana shule kubwa isiyo ya misheni, wakachanga fedha kwa njia ya baraza, na mwaka 1932 shule ya serikali ikafunguliwa Kakamega.

Lakini baraza lilijaribiwa kwa dhahabu. Dhahabu ilionekana karibu na Kakamega mwaka 1931, na Wazungu wakaja kwa mamia kuchimba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya rizavu ikitwaliwa, itolewe nyingine ya kadiri ile ile, tena baraza lipewe nafasi ya kusema neno lake. Ahadi hiyo haikudumu miaka mitatu. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ilibadilishwa kwa haraka: ardhi ya machimbo ilipiwe kwa fedha tu, wala baraza lisiulizwe. Jambo hilo lililaumiwa hata katika Bunge la Uingereza mwaka 1933, lakini wachimbaji walikuwa wamekwisha kupiga vigingi mashambani. Mjumbe aliyetozesha watu ushuru kwa ajili ya shule hakuwa na la kuwajibu walipomwuliza habari za shamba.

Mwaka 1948 wilaya ikaitwa North Nyanza. Sheria ya mwaka 1950 ililigeuza baraza kuwa Halmashauri ya Wilaya, na mwaka 1956 upande wa Bungoma ulitengwa ukaitwa Elgon Nyanza. Mwaka 1963 majina hayo yote mawili yalikoma, Kakamega ikawa makao ya Jimbo la Magharibi. Halmashauri iliyofuata ilinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara mwaka 1970, yaani karibu kila kazi ambayo raia aliweza kuiona kwa macho. Vihiga ilijitenga mwaka 1990. Mwaka 2013 halmashauri zote za namna hiyo ziliondolewa nchini, zikafuatwa na serikali za kaunti 47.

Kuhusu dhahabu, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeagiza kwamba mrabaha ugawanywe hivi: katika kila shilingi 100, serikali ya taifa ipate 70, kaunti 20, na jamii ya mahali penye machimbo 10.