Kusoma Kivuli: Picha ya Eksirei ya Tumbo la Mbwa na Paka

Tuseme kwamba mkulima wa Mpanda, katika siku za mavuno, amempelekea daktari wa mifugo mbwa anayetapika kila anachokula tangu juzi. Inadhaniwa kuwa amemeza gunzi la mahindi. Daktari hana budi kuamua: apasue tumbo au asubiri? Akipasua bila sababu, atamtesa mnyama na kumtia mwenyewe gharama. Akichelewa, utumbo ulioziba hukosa damu, huoza na kutoboka. Picha ya eksirei humsaidia kuamua, ilimradi ajue kuisoma.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Picha inayotokana nayo ni kivuli. Miale hupenya mwili, na kila kitu huzuia sehemu yake kwa kadiri ya unene wake, msongamano wake na namba atomia ya elementi zilizomo. Oksijeni, iliyo nyingi katika nyama na maji, ina namba 8. Kalisi ya mifupa ina 20. Risasi ina 82. Kwa hiyo tunapata vivuli vya aina tano: gesi ni nyeusi, mafuta ni kijivu cha giza, maji na nyama ni kijivu cheupe zaidi, mfupa ni mweupe, na metali ni nyeupe kabisa. Risasi si ngeni Mpanda: madini yake yalichimbwa huko katika miaka ya 1950, na reli ya tawi itokayo Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Metali hiyo hiyo hutiwa katika aproni za kuwakinga wapigaji wa picha.

Msomaji atambue kwamba maji na nyama vina kivuli kimoja. Ini, wengu, figo na kibofu kilichojaa mkojo vyote vina rangi ile ile. Tunavitenganisha kwa sababu mafuta yaliyo kati yao huchora mipaka. Mbwa aliyekonda sana, au mtoto wa mbwa, hana mafuta ya kutosha. Picha yake huwa na ukungu, mithili ya tumbo lililojaa maji. Hivyo basi, kabla ya kutaja ugonjwa, daktari huuliza umri wa mnyama na kutazama mbavu zake.

Sasa turudi kwenye gunzi. Mwanafunzi anayeanza hukimbilia kulitafuta gunzi lenyewe. Lakini gunzi si mfupa. Kivuli chake hukaribiana na cha nyama, na huweza kupotea machoni. Yafaa kutazama utumbo mwembamba ulio kabla ya kizuizi, ambamo gesi na maji hukusanyika na kuutanua. Je, umetanuka kiasi gani? Kwa kuwa mbwa hutofautiana mno kwa ukubwa, kipimo huchukuliwa katika mwili wake mwenyewe: upana wa utumbo hugawanywa kwa kimo cha pingili ya tano ya kiuno. Kwa kawaida jibu halizidi 1.6. Ikiwa pingili ina kimo cha milimita 10 na utumbo una upana wa milimita 25, jibu ni 2.5; hapo shaka ya kuziba ni kubwa. Kwa paka, ambao hawatofautiani sana kwa ukubwa, utumbo kwa kawaida hauzidi milimita 12. Paka aliyemeza uzi huenda asionyeshe utanuzi huo. Utumbo wake hukunjamana kama kitambaa kilichovutwa uzi.

Picha moja haitoshi. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa tochi na chupa: chupa ikimulikwa ubavuni hutoa kivuli kirefu, ikimulikwa kitakoni hutoa duara. Kwa sababu hiyo mnyama hupigwa picha akiwa amelala ubavu, kisha chali.

Mwisho, picha isiyoonyesha kitu si ushahidi kwamba hakuna kitu. Daktari huilinganisha na maelezo ya mwenye mbwa na yale ambayo vidole vyake vimeyahisi tumboni. Na iwapo shaka ingalipo ilhali mnyama ana nguvu, hupiga picha nyingine baada ya saa kadhaa. Gesi ikiwa imesogea, atasubiri. Utumbo ukiwa umezidi kutanuka, atachukua kisu.