Picha Mbili za Moyo Mmoja

Katika miji yetu ya machimbo, tangu Likasi hata Kolwezi, jamaa wengi huchanga fedha ili mgonjwa wao apelekwe mbali kupigwa picha ya moyo. Huyu hutoa akiba ya ada ya shule, yule huuza kiwanja. Lakini ukiwauliza, "Ni picha gani, nayo itawajulisha nini?" hunyamaza. Basi yafaa baba na mama wa nyumba wayajue mambo haya kabla ya kufungua mkoba.

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne na milango minne. Milango hiyo huitwa vali. Kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Tena moyo wenyewe ni nyama, nao wahitaji kulishwa. Hulishwa na mishipa iliyotandaa juu yake. Kwa hiyo yako maradhi ya namna mbili: maradhi ya vali na maradhi ya mishipa.

Maradhi ya mishipa huwapata hasa watu wazima, zaidi wenye shinikizo la damu, wenye kisukari na wavutaji wa tumbako. Mafuta na chokaa huganda ndani ya mshipa, njia ya damu ikasongwa kidogo kidogo. Fundi wa mgodini ataelewa upesi. Bomba lililoshika kutu laweza kupimwa upana wake, lakini kipimo hicho hakikuambii kama maji yanafika ya kutosha kule mwisho. Ndivyo ilivyo skana. Huonyesha umbo: mahali mshipa uliposongwa, na chokaa iliyoganda juu ya vali. Haionyeshi vema kama nyama ya moyo ina njaa.

Ndiyo maana ikatafutwa picha ya pili. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, nayo husafiri pamoja na damu. Mahali damu ifikapo vizuri hung'aa katika picha. Mahali ikosekanapo huwa giza. Mwaka 1998, huko Pittsburgh katika nchi ya Marekani, mabwana David Townsend na Ron Nutt pamoja na wenzao walianza kuitumia mashine iliyounganisha skana na picha ya namna hii juu ya kitanda kimoja. Picha ya umbo na picha ya kazi zikalazwa moja juu ya nyingine. Hivyo daktari aweza kusema: mshipa huu uliosongwa waunyima moyo chakula, ufunguliwe, ule mwingine haujaleta njaa, dawa zaweza kumtosha mgonjwa. Kumbe picha hizo mbili zaweza kumwepusha mtu na kisu kisicho cha lazima.

Zina msaada mwingine kwa mtu aliyewekewa vali ya bandia. Vijidudu vikiiingia vali hiyo, sukari yenye mionzi hukusanyika palipo na uambukizo, nayo picha hupaonyesha. Madaktari wa moyo wa Ulaya waliiingiza njia hiyo katika mwongozo wao wa mwaka 2015.

Mbona basi mashine hizi ni chache? Sababu moja ni dawa yenyewe. Mionzi ya ile sukari hupungua nusu kila dakika 110. Haiwezi kutengenezwa mbali ikangoja barabarani. Yataka kiwanda cha karibu, mafundi, na umeme usiokatika. Nasi tukumbuke kwamba nchi yetu huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti hiyo ikichanganywa na kromi hutengenezwa vibomba vya kuzibulia mishipa ya moyo. Madini hutoka kwetu, lakini tiba yake hutufikia kwa shida.

Hata hivyo, asiyeweza kuifikia mashine hiyo asikate tamaa, hasa mzazi wa mtoto. Vali za watoto wetu huharibiwa mara nyingi na homa ya baridi yabisi, nayo huanzia kooni. Mtoto hupata mafindofindo, wazazi husema yatapita. Majuma mawili au matatu baadaye magoti na vifundo vya miguu huvimba kwa zamu, homa humpanda, na mwili wenyewe huanza kuzishambulia vali. Picha inayomfaa kwanza ni ekografi, picha ya sauti isiyo na mionzi, ambayo Inge Edler na Hellmuth Hertz waliianza mjini Lund, Swideni, mwaka 1953. Siku hizi chombo chake chaweza kubebwa mkononi hata shuleni.

Sikieni habari za Gulu, kaskazini ya Uganda. Watoto zaidi ya 100,000 walipigwa ekografi, wakapatikana wenye vali zilizoanza tu kuharibika. Wengine walidungwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, wengine hawakudungwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kati ya watoto 399 waliodungwa, hali ilizidi kuwa mbaya kwa 3 tu, kati ya 400 wasiodungwa, ilizidi kwa 33. Dawa yenyewe ni ya zamani, na bei yake si kubwa.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati, wala asinunuliwe vidonge viwili sokoni. Aliyeandikiwa sindano ya kila mwezi asiache kwa kuwa anajiona mzima. Na mtu mzima akiambiwa aende mbali kupigwa picha, amwulize daktari maneno matatu: Picha hii yatafuta nini? Jibu lake litabadilisha matibabu yangu? Iko iliyo karibu zaidi itakayotosha? Mama mwenye mimba aseme mapema, kwa sababu ya mionzi. Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo, na fedha iliyochangwa kwa jasho itatumika pale inapookoa uhai.