Msimbopau na Hereni ya Mifugo: Nambari Inasema Nini?

Kikundi kinachopakia asali na kutaka kuiuza katika supamaketi huulizwa mapema kama bidhaa yake ina msimbopau, yaani ile mistari myeusi inayopitishwa kwenye mashine wakati wa kulipa. Mfugaji naye husikia habari za hereni ya kielektroniki ya kuvishwa ng'ombe sikioni. Vitu hivi viwili hufanya kazi moja: kubeba nambari. Bei ya asali au historia ya ng'ombe huwa katika rekodi ya kompyuta, na nambari hiyo ndiyo ufunguo wa rekodi.

Msimbopau dukani

Msimbopau wa kawaida una tarakimu 13. Mashine humulika mistari. Sehemu nyeusi hufyonza mwanga na nyeupe huurudisha, hivyo mashine hutambua tarakimu kwa upana wa kila mstari na nafasi. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 12 za mwanzo, ili kosa la kusoma lijulikane mara moja. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa njia hii ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, mjini Troy, Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974.

Nambari zinazoanza na 616 hutolewa na shirika la GS1 Kenya. Wanunuzi wengi hudhani kwamba 616 ni thibitisho kuwa bidhaa imetengenezwa Kenya au ni salama. Sivyo. Inaonyesha tu kwamba mwenye nambari amesajiliwa na shirika hilo. Ubora huthibitishwa na Shirika la Viwango nchini (KEBS), ambalo alama yake huambatana na nambari ya kibali. Mnunuzi anaweza kuhakikisha kibali hicho kwa kuandika SM#, kisha nambari ya kibali, na kutuma ujumbe kwa 20023.

Kwa wafanyabiashara, kunakili msimbopau wa bidhaa nyingine ni hasara: mashine ya duka itasoma jina na bei ya bidhaa hiyo nyingine. Pia, kila ujazo huhitaji nambari yake. Asali ya gramu 250 na ya gramu 500 hazitumii nambari moja.

Hereni ya mifugo

Msimbopau lazima uonekane na mashine. Ukichafuka au kuchanika hausomeki. Hereni ya kielektroniki hutumia mawimbi ya redio, kwa hivyo husomeka hata ikiwa na matope. Ndani yake mna kisahani kidogo cha kielektroniki na waya uliozungushwa. Nyingi hazina betri: kifaa cha kusomea kinapokaribishwa, mawimbi yake huipa hereni nguvu za kutosha kurudisha nambari yake. Nambari hiyo ina tarakimu 15, na 3 za mwanzo zinaweza kuwa za nchi. Ya Kenya ni 404.

Hapa pia kuna dhana potofu. Hereni ya aina hii haionyeshi mahali ng'ombe alipo, kwa kuwa husomeka kwa umbali mfupi tu, mara nyingi chini ya mita moja. Ng'ombe akiibwa, hereni itamsaidia mwenyewe ikiwa tu haijang'olewa, mnyama amepitishwa penye kifaa cha kusomea, kwa mfano mnadani au kichinjioni, na rekodi ina jina la mwenyewe wa kweli.

Kwa sababu hiyo, mfugaji anayevisha mifugo hereni anashauriwa kuandika kila nambari daftarini pamoja na rangi, umri na chanjo za mnyama. Anapouza, kununua au mnyama anapokufa, amjulishe afisa wa mifugo au msimamizi wa rekodi ili mabadiliko yaandikwe. Rekodi ikibaki na jina la mmiliki wa zamani, hereni itamtetea huyo wa zamani.