Nafasi Baina ya Maneno: Kwa Nini Majina Hupotea Ndani ya PDF

Hati nyingi za ukoo tunazoletewa siku hizi, zikiwemo nasaba, wasia, barua na hati za mashamba, hufika zikiwa zimekwisha kupigwa chapa na kugeuzwa PDF. Kwenye kioo cha kompyuta huonekana safi. Lakini ukitafuta ndani yake jina la babu, hulipati. Ukinakili mstari na kuubandika pengine, maneno mawili yameshikana, au neno moja la Kiarabu limekatika vipande vitatu. Wengi humlaumu aliyepiga chapa. Mara nyingi hana lawama, na ndiyo sababu tumeona ni vyema tueleze kinachotokea na namna ya kukitibu.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa. Kusudi lake ni waraka uonekane sawasawa kwenye kila mashine. Ili kulitimiza hilo, faili hairikodi sentensi kama tunavyoijua sisi. Hurikodi umbo la kila herufi na mahali pake kwenye ukurasa. Nafasi baina ya maneno mara nyingine haiandikwi kabisa: herufi inayofuata husogezwa tu mbali kidogo. Jicho huona pengo na kuelewa. Programu ya kutafuta, kwa upande wake, haina budi kukisia. Pengo likiwa jembamba, huunganisha. Likiwa pana, hukata. Hivyo Hamed bin Muhammed, tuliyemzoea kwa jina la Tippu Tip, huweza kutoka "HamedbinMuhammed", au "Ham ed bin Mu hammed". Kwa macho yupo, lakini kwa anayemtafuta hayupo.

Khati ya Kiarabu ina shida zaidi. Herufi zake huungana, isipokuwa sita zisizoishika inayofuata: alif, dal, dhal, ra, zay na waw. Kwa hiyo mapengo yamo ndani ya neno lenyewe. Jina la Daud lina dal, alif, waw na dal, na hakuna hata moja inayomshika mwenziwe. Vivyo hivyo neno letu "dawa" likiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msomaji aliyepita chuoni hasiti hata kidogo, lakini programu inayopima mapengo huweza kuhesabu maneno manne pahala pa moja.

Sababu za kawaida ni nne. Ya kwanza ni fonti isiyofungwa ndani ya faili. Mashine ya msomaji ikiikosa, hutia nyengine yenye vipimo tofauti, na mapengo yote huharibika. Ya pili inatuhusu sisi hasa: fonti nyingi za Kiarabu hazina herufi tulizoongeza kwa ajili ya sauti za Kiswahili, kama p, ch, v na g. Programu huziazima kutoka fonti nyengine, na pale ilipoazima, neno hukatika. Ya tatu ni kunyoosha kingo za ukurasa pande zote mbili. Kwa herufi za Kilatini nafasi hutanuliwa. Kwa Kiarabu wengine huingiza tatwil, ule mstari wa kurefusha herufi. Said aliyeandikwa kwa tatwil katikati, kwa kompyuta si Said yule aliyeandikwa bila yake. Ya nne ni mazoea ya kubonyeza kitufe cha nafasi mara kumi ili kupanga safu za nasaba, au kunakili maneno yaliyobeba nafasi isiyokatika, ile inayoyafunga maneno mawili yasiachane mwisho wa mstari.

Tiba yake si ngumu. Kabla ya kugeuza, washa alama zilizofichika kwenye programu yako ya kuandikia. Katika Microsoft Word, nafasi ya kawaida itaonekana kama nukta na nafasi isiyokatika kama duara dogo, zilizozidi zifutwe. Tumia fonti moja ya Kiarabu kwa waraka mzima, yenye herufi nyingi za ziada, mfano Scheherazade New, ambayo hupatikana bure. Nasaba zipange kwa jedwali, si kwa nafasi. Orodha za majina zianzie ukingo mmoja tu, bila ya kunyooshwa.

Kisha toa PDF kwa amri ya kuhifadhi au kusafirisha, si kwa kupitia amri ya kuchapisha, kwani njia hii ya pili huweza kuuacha nyuma mpangilio wa maandishi. Ukipewa hiari, chagua PDF/A, aina iliyowekewa kiwango mwaka 2005 kwa ajili ya hifadhi za nyaraka; hiyo hulazimisha fonti zifungwe ndani. Mwisho, jaribu. Tafuta majina matatu unayojua yamo, moja la Kilatini na mawili ya Kiarabu. Nakili mstari mmoja na uubandike kwenye ukurasa mtupu. Ukitoka mzima, faili ni nzima.

Tunatoa indhari moja. Makatibu wetu wa zamani hawakuacha nafasi baina ya maneno kwa kanuni zetu za leo. Msizirekebishe hati zao kimyakimya. Weka picha ya hati kama ilivyo, na pembeni yake nakala yenye nafasi za kisasa, ukieleza kwamba nafasi hizo ni zako. Pahala pa kugawa neno huweza kubadilisha maana, na hata kumbadilisha mrithi.

Haya si mambo ya urembo. Familia zilizotawanyika baada ya Januari 1964 hazikubeba vingi, na kwa baadhi yao karatasi chache ndizo zilizosalia. Mjukuu aliyezaliwa Maskati au London hatafunua kurasa mia nne. Ataandika jina na kungoja jawabu. Asipolipata, ataamini kwamba wazee wake hawakutajwa. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, pamoja na PDF tunawaomba mtuletee pia faili la asili, na karatasi yenyewe msiitupe.